Chai ya Kericho na Watu wa Gwassi

Sisi watu wa Mombasa chai ya Kericho twaijua ikishafika maghalani, ikingoja mnada. Lakini huko itokako, Kericho hadi Bomet, nilitaka kujua habari za wenyewe. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay ya Glasgow ziliingia miaka ya 1920. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa Kipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Watu kama 700, wazee kwa watoto! Kosa lao nasaba. Wengi walirudi wakati wa Uhuru, wasipewe ardhi. Bomet ilipotengwa na Kericho mwaka 1992, mipaka ilichorwa upya. Mashamba ya chai hayakuguswa.