Je, Wajua? Pumzi ya Mtoto Mahututi

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kwanza kuingizwa katika "pafu la chuma" alikuwa mtoto? Ilikuwa Oktoba 1928, hospitali ya watoto ya Boston, Marekani. Msichana wa miaka 8 alikuwa amepoozwa na polio hata misuli ya kifua ikashindwa kazi. Akalazwa ndani ya pipa la chuma walilobuni Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw wa Chuo Kikuu cha Harvard, kichwa kikabaki nje. Pampu ilipofyonza hewa ya ndani ya pipa, kifua kilitanuka na pumzi ikaingia yenyewe puani. Baada ya dakika chache mtoto akazinduka. Nimonia ilimuua siku chache baadaye, lakini madaktari walikuwa wameshaona kwamba mashine inaweza kumpumulia mtu.

Mashine za leo hufanya kinyume chake: husukuma hewa ndani ya mapafu. Njia hiyo ilipata sifa Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, polio ilipolipuka na kukumba hasa watoto. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu. Katika wiki tatu za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliopooza misuli ya kupumua, 27 walifariki. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akasema kinachowaua ni hewa ya kaboni dioksidi inayojazana mwilini kwa kuwa hawawezi kuitoa. Agosti 27, msichana wa miaka 12 alitobolewa tundu shingoni, akatiwa mpira, na Ibsen akawa anaminya mfuko wa hewa kwa mkono. Msichana akanusurika kifo.

Wengine je? Mashine hazikutosha, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Vijana wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana kwa miezi, mmoja akiminya mfuko huku akimsomea mtoto hadithi. Vifo vikashuka kutoka karibu 9 kati ya kila wagonjwa 10 hadi chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua wodi maalumu katika hospitali nyingine ya mji huo, na wengi huihesabu kuwa chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi duniani.

Je, wajua kwamba pumzi moja ya kichanga wa kilo 3 haizidi sana kijiko kimoja cha chakula? Mtu mzima huvuta karibu nusu lita. Ndiyo maana mfuko wa kupumulia wa mkubwa haumfai mtoto mchanga: mminyo wa nguvu unaweza kupasua pafu.

Oksijeni nayo ina kipimo. Mwanamuziki Stevie Wonder alizaliwa njiti mwaka 1950, enzi ambayo njiti walimiminiwa oksijeni bila kikomo, na macho yake hayakupona. Siku hizi muuguzi makini huangalia kipimo cha kidoleni kisipungue sana, wala kisipande kupita kiasi.

Lakini la ajabu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mguno. Mtoto mwenye mapafu mabovu huguna kila anapotoa pumzi. Hadeki. Anabana koo ili hewa kidogo ibaki ndani na vifuko vya mapafu visisinyae. Mwaka 1968 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba vichanga waliowekewa mpira kooni, wakashindwa kuguna, walipungukiwa oksijeni. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco wakatangaza kifaa kinachofanya kazi ya mguno huo: hewa yenye shinikizo lisilokatika.

Shinikizo hilo linaweza kupatikana hata kwa maji tu. Mrija wa hewa itokayo kwa mtoto ukizamishwa sentimita 5 majini, shinikizo ni la sentimita 5 za maji. Mapovu yakikoma, kuna mahali panapovuja. Nchini Bangladesh, Daktari Mohammod Jobayer Chisti alitumia chupa ya shampuu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watoto wenye nimonia kali waliotumia mapovu walifariki asilimia 4, na waliopewa oksijeni ya kawaida ya mtiririko mdogo asilimia 15. Huko Blantyre, Malawi, kifaa cha mapovu cha bei nafuu kiliinua kiwango cha vichanga wenye shida ya kupumua walionusurika kutoka asilimia 44 hadi 71.

Kwa hiyo, mzazi, ukimsikia mwanao anaguna akitoa pumzi, au ukaona mbavu zinabonyea ndani na pua zinatanuka, usingoje kuche. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi chini ya mwaka, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hatari. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.