Mkate wa mayai wenye smokie na ndizi: Chumvi na sukari kwenye sahani moja

ILIKUWA Jumamosi asubuhi, tarehe 24, ile wiki ambayo M-Pesa ikilia unajua ni ujumbe wa kukumbushwa deni. Juu ya friji ndogo ya bedsita yangu kulikuwa na nusu ya mkate, mgumu kama ubao. Ndani ya friji mlikuwa na mayai mawili na maziwa ya kutosha chai moja tu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akifunga kamba za viatu vya mjengo. Tulikuwa hatujaongea vizuri kwa siku tisa.

Kosa lilikuwa langu, ingawa wakati huo sikukubali. Alihamia kwangu Zimmerman baada ya Kidato cha Nne, akisubiri mambo ya chuo yakae sawa. Siku moja nilitoka kazini nikiwa nimechoka, nikakuta amekaanga mayai manne peke yake. Nikamwambia, "Hapa si hotelini." Hakunijibu. Kuanzia siku iliyofuata alikuwa anatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi bila chai, anarudi usiku akisema ameshiba. Nilijua hajashiba. Ukiishi na mtu kwenye chumba kimoja, unasikia hata tumbo lake likinguruma.

Asubuhi hiyo alichomoa karatasi ya nailoni kutoka kwenye begi na kuiweka mezani. Ndani mlikuwa na smokie mbili alizonunua jioni iliyotangulia baada ya kulipwa.

"Sisto, hii mkate ni ya kutupa?" akauliza.

Nikamwambia avue viatu kwanza, akae.

Tukiwa wadogo, mkate wa mayai ulikuwa chakula cha Krismasi na cha siku wageni wakilala. Shida ni kwamba mimi napenda wa chumvi na pilipili, yeye anapenda wa sukari. Mama alikuwa analazimika kutengeneza mabakuli mawili, na bado tulipigania nani akaangiwe kwanza. Ndipo nikapata wazo la asubuhi ile: badala ya mikate miwili, tutengeneze mmoja wenye ladha zote mbili. Sandwichi iliyojazwa ndizi mbivu, siagi ya njugu na smokie, halafu nzima ichovywe kwenye yai na kukaangwa.

Najua unavyojiuliza. Smokie na ndizi? Tulia kwanza, soma mpaka mwisho.

Mkate uliopotea

Chakula hiki hakikuanzia mtaani kwetu, wala jina lake halifanani kila mahali. Menyu za mahoteli ya Nairobi huandika French toast, lakini nyumbani wengi wetu tunasema tu mkate wa mayai. Ukifika Pwani na kuagiza kwa jina hilo, usishangae ukiletewa kitu kingine kabisa: mkate wa mayai wa Waswahili ni keki laini ya mayai, sukari na unga, yenye harufu ya iliki, ambayo kwa mtindo wa zamani huokwa kwa makaa juu na chini. Kuna pia ule wa unga mwembamba unaokunjwa ukiwa na kima na yai ndani. Kwa hivyo ukiwa ugenini, uliza kwanza.

Wafaransa wenyewe huuita *pain perdu*, yaani mkate uliopotea. Jina hilo linaeleza kila kitu: ni mkate uliokauka ambao ungetupwa kama si yai na maziwa kuuokoa. Kabla yao, Warumi wa kale walikuwa na mapishi ya mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ukakaangwa na kumwagiwa asali. Wahispania wana *torrijas*, ambazo huliwa sana wakati wa Kwaresma na Pasaka.

Na hata kuchanganya chumvi na sukari si wazimu wangu. Marekani kuna sandwichi iitwayo Monte Cristo: nyama ya nguruwe na jibini katikati ya slesi mbili, inachovywa kwenye yai, inakaangwa, kisha inapakuliwa ikiwa na sukari ya unga juu na jamu kando. Hong Kong nao hujaza siagi ya njugu katikati, wakakaanga kwenye mafuta na kumalizia kwa kipande cha siagi na sharubati nzito. Sisi tulichofanya ni kuchukua wazo hilo na kulipeleka kwa muuza smokie wa steji.

Kwa nini ladha hizi zinaelewana? Chumvi kidogo hupunguza uchungu na kufanya utamu usikike zaidi. Ndiyo maana kuna watu hunyunyizia chumvi kwenye embe au nanasi. Smokie inaleta chumvi na moshi, ndizi inaleta sukari, nayo siagi ya njugu inasimama katikati kama mzee wa nyumba kumi, inapatanisha pande zote mbili.

Vinavyohitajika (watu wawili)

- Slesi 4 za mkate wa jana au juzi
- Mayai 2
- Maziwa vijiko vikubwa 4
- Smokie 2 (za ng'ombe au kuku, upendavyo)
- Ndizi mbivu 1 kubwa
- Siagi ya njugu vijiko vikubwa 2
- Mdalasini wa unga, nusu kijiko cha chai
- Chumvi na pilipili, kidogo tu
- Mafuta kijiko kikubwa 1
- Asali kijiko cha chai 1 cha kumalizia

Hesabu yetu ya siku hiyo ilikuwa hivi: mayai Sh30, smokie Sh60, slesi nne karibu Sh25, ndizi Sh10, na vingine vyote tukakadiria Sh35. Jumla Sh160, yaani Sh80 kwa kila mtu, na hukupanda matatu kwenda tauni kukula brunch ya watu wa Instagram.

Jinsi ya kuandaa

Kwanza, kagua mkate. Mkate mkavu ni rafiki, mkate wenye ukungu ni adui. Ukiona doa la kijani au jeupe, usikwangue na kuendelea, kwa sababu ukungu huwa umeingia ndani kuliko unavyoona. Tupa. Kama mkate wako ni wa leo na bado laini, tandaza slesi kwenye sahani kwa saa moja, au zipashe kwenye kikaangio kikavu dakika moja kila upande. Mkate laini hunyonya yai haraka mno na kukatikia mkononi; uliokauka hunyonya na bado unasimama.

Pili, pasua kila smokie kwa urefu mara mbili ili upate vipande vitatu vyembamba. Zikaange hadi kingo zianze kuwa na rangi ya kahawia, kisha zitoe. Najua smokie huuzwa ikiwa imeshaiva, lakini hapa tunatafuta ile ladha ya kuungua kidogo. Pia hutaki ikae baridi katikati wakati nje kumeiva.

Tatu, piga mayai na maziwa kwa uma hadi usione tena ute mweupe ukivutika. Weka mdalasini na chumvi kidogo. Usiweke sukari humu. Sukari huungua haraka, kwa hivyo mkate wako utakuwa mweusi kabla yai halijaiva. Utamu wetu uko ndani, kwenye ndizi, na juu, kwenye asali.

Nne, paka siagi ya njugu kwenye slesi zote nne, upande mmoja. Usiruke hata moja. Ile siagi ni gundi ya kushika slesi mbili pamoja, na mafuta yake huzuia ndizi isiloweshe mkate. Panga vipande vya ndizi juu ya slesi moja, weka smokie juu yake, nyunyizia pilipili, kisha funika kwa slesi ya pili. Acha nafasi ya upana wa kidole kidogo pembeni bila kitu, halafu bonyeza kingo kwa vidole.

Tano, chovya. Weka sandwichi kwenye bakuli pana, hesabu polepole hadi ishirini, geuza, hesabu tena. Zile kingo nne nazo zizungushe ndani ya yai, maana hapo ndipo sandwichi hujifunga.

Sita, kaanga kwa moto mdogo. Naandika tena: moto mdogo. Funika kikaangio kwa dakika mbili za kwanza ili joto liingie hadi katikati, kisha funua. Upande mmoja unachukua dakika tatu hadi nne. Geuza mara moja tu. Mwishoni, isimamishe kwa kingo zake, nusu dakika kila moja, ili usibaki na yai bichi pembeni.

Saba, ipumzishe dakika moja au mbili kabla ya kukata. Ukikata mara moja, kila kitu kitakimbia. Kata pembe kwa pembe, dondosha asali, kula ikiwa moto.

Tulipoharibu

Sandwichi ya kwanza ilikuwa aibu. Mdogo wangu alijaza ndizi kama anayepakia gunia la makaa, na alipoigeuza, slesi ya juu ikaenda kivyake. Nami nilikuwa nimewasha moto mkubwa kwa sababu mtungi wa kilo sita ulikuwa unaelekea kuisha na niliwaza tumalize haraka. Nje kukawa cheusi, ndani yai bado linateleza. Tukairudisha kwa moto mdogo, tukaifunika, ikaiva. Tuliila hivyo hivyo, kwa sababu tarehe 24 hakuna mtu anatupa yai.

Ya pili ikatoka fiti. Nje ilikuwa na ganda la rangi ya dhahabu linalolia kidogo ukilikata, ndani ndizi imeyeyuka hadi kuwa kama jamu, halafu katikati ya utamu huo unakutana na smokie.

Ukitaka kubadilisha, badilisha kwa akili. Kama huli nyama, tumia jibini na pilipili hoho zilizokaangwa zikakauka. Kama una mzio wa njugu, paka jibini laini au siagi ya kawaida. Parachichi pia linakubali, lakini liponde na uweke kidogo. Kitu cha kuepuka ni vyenye maji mengi, kama nyanya mbichi ndani ya sandwichi. Maji yatatoka na mkate utakuwa uji. Nyanya iweke kando, kwenye kachumbari. Na ukitaka kubeba ya mchana kazini, tengeneza, iache ipoe, iweke kwenye friji, kisha ipashe kwenye kikaangio kikavu. Maikrowevu ya ofisi itailegeza.

Mayai mawili

Tulipokuwa tukila, hakuna aliyesema kitu kwa muda. Halafu yeye akaanza kucheka.

"Unakumbuka mathe alivyokuwa anaficha sukari kwa sufuria ya juu?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia kwamba wakati ule hakuna mtu aliyemhesabia mayai. Kwa hivyo nikasema nilichopaswa kusema siku tisa nyuma: kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa nimetoka kazini na hasira za watu wengine nikazimwaga kwake, na kwamba hapa ni kwake pia. Hakutoa hotuba. Alisukuma nusu ya sandwichi yake iliyobaki kwenye sahani yangu, ile nusu yenye smokie nyingi, akachukua nusu yangu yenye ndizi nyingi. Halafu akatazama simu, akaona amechelewa, akakimbia na viatu havijafungwa vizuri.

Kuna mambo ambayo nilikuwa sijui mpaka jioni hiyo, aliporudi na kunieleza. Siku ile ya mayai manne alikuwa ametoka kutafuta kazi kwa miguu tangu asubuhi bila kula chochote. Aliona aibu kusema. Mimi nilikuwa nimeona makaka ya mayai kwenye pipa, nikatosheka na hapo.

Wengi wetu tunaishi hivi siku hizi: ndugu wawili au marafiki watatu kwenye chumba kimoja, kodi ya mtu mmoja, bajeti isiyotosha yeyote. Ugomvi mwingi wa vyumba hivyo huanzia kwenye vitu vidogo, kama nani amemaliza sukari au nani hajaosha sufuria. Sisi tulikubaliana jambo moja la kawaida kabisa: pesa za chakula zinawekwa pamoja kwenye mkebe, kila mtu anaweka anachopata, na Jumamosi asubuhi tunapika pamoja kabla ya yeyote kutoka.

Sasa yeye ndiye mpishi wa Jumamosi. Bado anajaza ndizi kupita kiasi. Wiki iliyopita alianza kuweka tangawizi kidogo kwenye yai na, niseme ukweli, imeshinda yangu. Mayai anavunja mawili, lakini siku hizi ninaponunua, nanunua trei nzima.