Siti aliuza vyungu kwa sauti: somo kwa wachuuzi wa mipakani

Mfanyabiashara wa mpakani huishi kwa sauti yake. Awe Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, siku yake huanza kwa kunadi bei, kubishana na dereva, kumbembeleza wakala wa forodha na kupiga simu kuulizia mzigo. Jioni inapofika koo limekauka, na karibu maneno yote aliyoyasema yalikuwa ya kazi. Yale yanayomhusu mwenyewe, ya mkopo unaodaiwa, ya nyanya zilizooza kwenye foleni, ya mtoto aliyeachwa kwa jirani, hayakupata nafasi. Yamebaki kifuani.

Waswahili huyaita dukuduku. Wanajua pia kwamba dukuduku likikaa sana humla mwenyewe, ndiyo maana pwani ya Afrika Mashariki ilijijengea njia ya kulitoa bila kugombana na mtu: kuliimba. Na aliyeifungua njia hiyo kwa watu wa kawaida alikuwa mchuuzi.

Muuza vyungu wa Fumba

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Alijifunza ufinyanzi nyumbani, akawa anavitembeza vyungu mitaani na kuvinadi kwa sauti kama wafanyavyo wachuuzi wote. Masimulizi ya maisha yake, ambayo Shaaban Robert aliyaandika kitabuni, yanaeleza kwamba wateja waliitambua sauti hiyo hata kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba na ala. Wakati huo taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mambo aliyoyaimba yakawa ya mtaani. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na sauti ya muuza vyungu ikaanza kuvuka bahari na mipaka, ikisikilizwa katika migahawa na majumba ya pwani nzima.

Njia haikuwa nyepesi. Wapinzani walimkejeli kwa sura yake na kwa ukoo wake, tena kwa nyimbo. Angeweza kunyamaza au kwenda kuwatukana mlangoni. Alichofanya ni kuwajibu kwa wimbo, na jibu hilo bado linakumbukwa ilhali majina ya waliomcheka yamesahaulika.

Siti hakuimba ya kwake tu. Wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Mtuhumiwa alitorokea bara, huku wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa wao kwa makosa ya pombe. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuirudisha kesi hiyo, lakini kwa kuwa iliimbwa, haikuzikwa. Kwa msafiri wa leo anayelala nyumba za wageni ugenini, si vigumu kuelewa kwa nini wimbo huo uliwagusa watu.

Kutunza: kusema bila kutaja jina

Mpaka leo, anayehudhuria taarab Zanzibar, Tanga au Mombasa ataona jambo moja linalojirudia. Mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, na mwanamke aliyekuwa ametulia kwenye kiti anainuka. Anakwenda mbele taratibu kwa madaha, noti mkononi, midomo ikifuatisha maneno, anamtunza mwimbaji na kurudi. Pengine amegeuka kidogo kuelekea upande mmoja wa ukumbi. Anayehusika anajijua.

Kwa dakika hizo chache mama huyo amesema mbele ya watu mia kitu ambacho asingeweza kukisema nyumbani au kazini. Hakumtaja mtu, kwa hiyo hakuna wa kumshtaki. Maneno si yake, ni ya mtunzi, lakini uchungu ni wake, na ukumbi mzima umeushuhudia.

Silaha hii ina makali pande mbili. Miaka ya mwanzo ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vya Dar es Salaam vilipokuwa vikishindana, mipasho ilishika kasi na mafumbo yakapungua. Mashabiki wakafurahi, lakini matusi ya wazi nayo yakapata mlango. Wazee wa taarab hutofautisha wimbo unaotua mzigo wa mwenye kuimba na wimbo unaomtwisha mwingine mzigo huo. Wa kwanza huponya. Wa pili huanzisha ugomvi wa pili.

Kila upande wa mpaka una sauti yake

Pwani haiko peke yake. Nchini Burundi, wanawake wana salamu ya kuimbwa iitwayo akazehe. Wawili wanaokutana hupokezana sauti kwa kasi, mmoja akiijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, sauti zikisukana kama ukili mpaka zinapomalizia pamoja. Ni salamu ya kumwambia mtu kwamba ameonekana, na haiwezi kuimbwa na mmoja: bila mwenzako haikamiliki.

Vigelegele navyo havihitaji mkalimani. Harusi ya Kampala, ubatizo wa Bukavu na mahafali ya Arusha vyote hupokewa kwa mlio uleule wa ulimi. Wafanyabiashara wengi, wanawake kwa wanaume, wana pia kwaya zao za Jumapili au vikundi vya kaswida, na wengi wao hawangekubali kukosa mazoezi hata wiki ya soko kubwa. Wanajua wanachokifuata huko, hata kama hawajawahi kukipa jina.

Kinachotokea mwilini

Sababu moja iko kwenye pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua juu juu, harakaharaka, mabega yakipanda. Mtu anayeimba analazimika kufanya kinyume: kuvuta pumzi mara moja kwa kina, kisha kuitoa kidogokidogo mpaka mstari uishe. Pumzi inapotoka polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi, na misuli ya shingo na kifua hulegea. Kuvuma, yaani kutoa sauti puani mdomo ukiwa umefungwa, hufanya kazi hiyohiyo bila kumsumbua jirani kwenye kiti cha basi.

Sababu ya pili ni wenzako. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mioyo ya wanakwaya wakiwa wanaimba, wakakuta mapigo yao yakipanda na kushuka kwa pamoja, yakifuata mpangilio wa wimbo, kwa kuwa wote walikuwa wakipumua pamoja. Wavuvi wanaovuta juya na wapagazi wanaoinua magunia kwa wimbo walishalijua hilo kwa mikono yao.

Sauti mbele ya dirisha

Faida ya mazoezi haya haiishii kwenye kujisikia vizuri. Mfanyabiashara mdogo anayeleta bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, ana haki ya kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Utaratibu huo upo, lakini haki isiyotamkwa dirishani huwa haina kazi. Wengi huijua, ila wakifika mbele ya ofisa koo hubana, sauti hutoka nyembamba, na mwisho wanalipa au wanarudi kwenye njia za panya, ambako hatari ni kubwa zaidi, hasa kwa wanawake.

Koo lililobana hufunguliwa kabla ya kufika dirishani. Njia ni nyepesi. Ukiwa kwenye foleni, simama miguu yote miwili ikikanyaga sawasawa, shusha mabega, vuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne na uitoe kwa kuhesabu mpaka nane, ukivuma kidogo. Rudia mara tano. Kisha sema moyoni sentensi ya kwanza utakayoitamka, jina la bidhaa, thamani yake na cheti unachokiomba, na ukifika uiseme polepole, mpaka mwisho wake.

Koo lenyewe nalo ni mtaji, na mtaji hutunzwa. Maji ya kunywa mara kwa mara husaidia kuliko peremende. Kupaza sauti juu ya ngurumo za malori huliumiza. Afadhali kusogea karibu na mteja au kutumia kipaza sauti. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, huyo ni wa kumwona daktari.

Na kuna mizigo ambayo wimbo hauwezi kuitua peke yake. Anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, aliyedhalilishwa njiani, anayefikiria kujidhuru, anahitaji mhudumu wa afya au mshauri, na haraka. Kuimba kutampa pumzi ya kufika huko na kueleza kilichompata. Hakuchukui nafasi ya tiba.

Kwa wengine, mahali pa kuanzia pameshakuwepo: kikoba au chama cha kila wiki. Vikundi vingi hufungua kikao kwa sala na kwenda moja kwa moja kwenye daftari la michango. Dakika kumi zinatosha kuongeza mambo mawili. Kwanza, wimbo mmoja unaojulikana na wote, kila mara ukichaguliwa na mtu wa upande mwingine wa mpaka. Pili, zamu ya kila mwanachama kusema wiki yake ilivyokuwa, bila kukatizwa na bila kushauriwa mpaka amalize. Baada ya hapo daftari lifunguliwe. Mwanachama aliyechelewesha rejesho kwa sababu mzigo wake umezuiwa atakuwa ameshasema mwenyewe, kabla jina lake halijasomwa.