Kwa Nini Reli za Pikipiki ya Theluji Hulika

Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, huko Valcourt katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mtoto wa miaka 2 aitwaye Yvon alishikwa na ugonjwa wa kidole-tumbo. Barabara zilikuwa zimefukiwa na theluji, na haikuwezekana kumfikisha hospitali kwa wakati. Mtoto akafa. Baba yake, fundi Joseph-Armand Bombardier, alikuwa amekwisha kuanza kujaribu kuunda chombo cha kupita juu ya theluji, naye hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1937 alipewa hataza ya uvumbuzi wake wa gurudumu la meno lizungushalo mkanda, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo kidogo kiitwacho Ski-Doo, ambacho ni miongoni mwa pikipiki za theluji za mwanzo kuenea duniani.

Vyombo vya jinsi hiyo vimekuwa tegemeo la watu wengi wa nchi za kaskazini. Wawindaji wa Kanada ya kaskazini na wafugaji wa Kisami huko Skandinavia hawavitumii kwa michezo tu, bali kwa kutafutia riziki. Mtu aliye mbali na kwake, katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, akiharibikiwa na chombo yumo hatarini. Hivyo basi, sehemu za chombo hicho zinazochakaa upesi zastahili kuchunguzwa. Mojawapo haionekani kwa urahisi, kwa kuwa imefichika ndani ya mkanda: nayo ni kitelezi cha reli.

Muundo wake

Pikipiki ya theluji ina skii mbili mbele kwa ajili ya kuongozea. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira usio na mwanzo wala mwisho, ambao huzungushwa na injini. Ndani ya mkanda huo zimelazwa reli mbili za alumini, na springi huzikandamiza chini. Upande wa chini wa kila reli umevishwa utepe mnene wa plastiki, ambao ndio kitelezi. Mkanda nao, kwa upande wake wa ndani, una vibanio vya chuma vinavyopita chini ya kitelezi.

Sehemu ya mkanda iliyogusa theluji hutulia mahali pake, na chombo huteleza juu yake. Ni kama mtu ajitandikiaye mkeka mbele, akatelezea juu yake, kisha akaukunja nyuma na kuutandika tena. Pikipiki za mwanzo zilibebwa na magurudumu madogo mengi, lakini katika miaka ya 1970 mfumo wa reli ulienea kwa sababu hugawa uzito sawasawa juu ya mkanda.

Plastiki ya kitelezi ni polithini, yaani ni ya ukoo mmoja na madumu ya kuchotea maji. Tofauti ni kwamba minyororo ya molekuli zake ni mirefu mno, hata uzito wa molekuli hufikia mamilioni. Kwa sababu hiyo plastiki hii huteleza, huhimili mikwaruzo, wala haivunjiki ovyo katika baridi kali. Udhaifu wake ni joto. Huyeyuka ifikapo kiasi cha nyuzi 130 za Sentigredi, na hulainika kabla ya hapo.

Je, kitelezi kigumu zaidi ni dawa?

Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza J. F. Archard alieleza kanuni mashuhuri ya ulikaji. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kiasi cha mata kinacholika huongezeka kadiri mzigo unavyozidi na kadiri umbali wa kusuguana unavyozidi, na hupungua kadiri kitu kilivyo kigumu. Mwanafunzi aweza kukata shauri upesi kwamba dawa ni kuondoa plastiki na kutumia chuma. La hasha. Chuma kikisuguana na chuma, vibanio vitalika, na mkanda mzima utaharibika. Kitelezi ni sehemu ya bei nafuu iliyowekwa makusudi ili ilike badala ya sehemu za thamani.

Tena kuna jambo lililo kubwa zaidi. Ugumu wa plastiki haubaki ule ule, bali hupungua joto linapopanda. Kwa hiyo swali la kwanza si ugumu wa kitelezi, bali ni kiasi gani cha joto kinachozalishwa, na joto hilo linakwenda wapi.

Hesabu ya joto

Ichukuliwe kwamba vitelezi viwili vinabeba mzigo wa nyutoni 2,000, na kwamba kani ya msuguano ni sehemu moja ya kumi ya mzigo huo, yaani nyutoni 200. Chombo kikienda kwa kasi ya meta 15 kwa sekunde, ambayo ni kilometa 54 kwa saa, nguvu inayogeuzwa kuwa joto ni 200 × 15, yaani wati 3,000. Hilo ni joto la kutosha jiko kubwa la umeme.

Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyofikia nyuzi sifuri kwahitaji kilojouli 334, ambazo ndizo joto fiche la kuyeyuka. Wati 3,000 ni kilojouli 3 kwa sekunde. Kwa hiyo gramu 9 tu za theluji kwa kila sekunde zaweza kumeza joto lote hilo. Mkanda unapozunguka katika theluji laini hurusha kiasi kinachozidi hicho kwa mbali.

Theluji hufanya na kazi ya pili. Mwaka 1939 F. P. Bowden na T. P. Hughes walionyesha kwamba wepesi wa kuteleza juu ya barafu na theluji hutokana hasa na utando mwembamba wa maji uletwao na joto la msuguano wenyewe. Wachunguzi wa baadaye wameongeza kwamba uso wa barafu una tabaka jembamba lisilo imara hata chini ya nyuzi sifuri. Theluji inayofika kwenye kitelezi, basi, hukilainishia njia kwa maji na papo hapo hukipoza.

Theluji inapokosekana

Chombo kikipita juu ya ziwa lililoganda au njia iliyoshindiliwa ikawa kama jiwe, mkanda hauna cha kurusha. Kila kibanio hugusa kitelezi kwa muda mfupi, kisha huzunguka hewani na kupoa. Kitelezi hakina mapumziko hayo, na plastiki hupitisha joto kwa shida. Joto hukusanyika usoni pake, plastiki hulainika, na vibanio huinyofoa. Msuguano huzidi, nao huzaa joto zaidi. Chombo kikisimama katika hali hiyo, plastiki iliyoyeyuka yaweza kugandamana na vibanio, na mkanda ukakataa kuzunguka.

Njia za kupunguza ulikaji

Kwanza, dereva aliye juu ya barafu hana budi kuingia mara kwa mara katika theluji laini iliyo kando ya njia, na kupunguza kasi asipoipata.

Pili, hufungwa vikwaruzi, navyo ni vyuma vyenye kunepa vinavyoburura nyuma na kukwangua barafu, ili ungaunga wake urushwe ndani ya mkanda.

Tatu, huongezwa magurudumu madogo kwenye reli. Yakibeba nusu ya mzigo, joto la vitelezi katika hesabu ya hapo juu hushuka hadi wati 1,500. Hata hivyo, magurudumu huongeza uzito, na beringi zake nazo huharibika.

Nne, mkanda hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukikazwa mno hubana vitelezi. Ukilegea mno huruka meno. Ukikaa upande, kitelezi kimoja hulika kabla ya kingine.

Tano, plastiki huchanganywa na grafiti, au hupachikwa vipande vya plastiki itelezayo zaidi. Njia hii husaidia, ila haiwezi kuchukua mahali pa theluji.

Sita, kitelezi hubadilishwa kabla hakijapita kikomo alichoweka mtengenezaji. Kikipita hapo, vibanio hufikia alumini na kuanza kuila reli yenyewe.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na theluji yaweza kujifunza somo hili. Kipande cha dumu kigongomelewe chini ya gogo dogo, vichwa vya misumari vikiwa pembeni, kisha gogo livutwe kwa mizani ya springi juu ya bati lililo bapa. Wanafunzi waandike kani inayohitajika, waongeze mzigo mara mbili, na waandike tena. Halafu waweke penseli za mviringo chini ya gogo na kulinganisha kuteleza na kubingirika. Mwishowe wakokotoe, kwa kila hali, wati ngapi zingezalishwa kama gogo lingekwenda meta 15 kwa sekunde.

Kanuni hii haiishii kaskazini. Mafuta ya injini ya mashine ya kusaga nafaka hulainisha na pia huondoa joto, na mashine ikikaushwa mafuta huungua hata kama vyuma vyake ni vigumu. Fundi anayekuta kitelezi, au beringi, imelika kabla ya wakati wake, asikimbilie kutafuta kilicho kigumu zaidi. Aulize kwanza joto lilitoka wapi, na kwa nini halikupata njia ya kuondoka.