UFA WA EKZOSI SI JAMBO DOGO: TUJIFUNZE KWA MAFUNDI WA NDEGE NDOGO



Sisi tulioko Gahanga, kusini mwa Kigali, tuko kando ya barabara iendayo Bugesera, ambako ujenzi wa kiwanja kipya cha ndege ulianza mwaka 2017. Huenda mtu akauliza: mfanyakazi wa kiwanda cha chai au wa shamba la miwa ana haja gani na habari za ndege? Jibu letu ni fupi. Injini ni injini. Ekzosi ya ndege ndogo, iliyoundwa na mwenyewe katika karakana yake, hupasuka kwa sababu zile zile zinazopasua ekzosi ya jenereta, ya mashine ya kusaga na ya trekta. Tofauti ni moja tu: fundi wa ndege amefundishwa kutodharau ufa, nasi tumeuzoea.

Kwanza tuelewe hatari yenyewe. Ndani ya moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Wangapi kati yetu tumepata kuumwa kichwa katika chumba cha injini, tukadhani ni njaa au malaria?

Katika ndege nyingi ndogo, rubani hupata joto kutokana na hewa inayopitishwa kuizunguka sailensa ndani ya koti la bati. Sailensa ikipasuka chini ya koti hilo, ufa hauonekani kwa nje, na sumu huingia moja kwa moja alipokaa rubani. Tarehe 21 Januari 1919 haikuwa na ndege za namna hii, lakini tarehe 21 Januari 2019 ndege ndogo aina ya Piper Malibu, iliyotengenezwa kiwandani, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey ikitoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff. Ndani yake alikuwamo mchezaji mpira Emiliano Sala. Wachunguzi wa ajali wa Uingereza walikuta damu yake imeshikwa na sumu hiyo kwa asilimia 58. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilisema kuwa rubani naye yaelekea alikuwa ameathirika, na kwamba ndege iliponyoka mikononi mwake. Hapakuwa na kifaa cha kuwapigia kengele.

Je, kwa nini ekzosi hupasuka? Chuma hupanuka kikipata moto na kusinyaa kikipoa, kila siku, mara nyingi. Juu ya hayo kuna mtikisiko wa injini, na uzito wa bomba linaloning'inia bila kushikiliwa vizuri. Ufa huanza mahali palipobanwa: penye maungio, kwenye kona, pembeni mwa mshono wa kuchomelea.

Fundi mwangalifu hukagua hivi. Husubiri injini ipoe kabisa. Hufungua kifuniko na kulivua koti la sailensa, kwa maana kisichofunguliwa hakikukaguliwa. Kwa tochi na kioo kidogo hutafuta michirizi ya kijivu au ya masizi meusi, maana moshi unapovuja huacha alama. Kisha huziba matundu, hupuliza hewa ya nguvu ndogo ndani ya bomba, kama ile itokayo upande wa nyuma wa mashine ya kufyonzea vumbi, na kupaka maji ya sabuni kwa nje. Panapotoa mapovu ndipo penye ufa. Katika kazi hiyo hatii alama kwa penseli, wala hatumii vifaa vyenye zinki: chuma kikishika moto, alama hizo hukidhoofisha, na ufa mwingine huanzia hapo hapo.

Matengenezo nayo yana utaratibu. Kuziba kwa udongo, kwa gundi au kwa bati lililofungwa waya ni kuuficha ufa, si kuutengeneza. Bomba huvuliwa, husafishwa mpaka chuma king'ae, na huchomelewa kwa gesi ya agoni na ufito wa chuma cha aina ile ile, huku gesi hiyo ikipitishwa na ndani ya bomba ili mshono usiungue. Chuma kilicholika kikawa chembamba, au kilichovimba, hakichomelewi; hutupwa. Wakati wa kurudisha, gasketi huwa mpya, na mabomba hukaa sawa yenyewe kabla ya nati kukazwa. Ukilivuta bomba kwa nguvu ya bolti, umeshaandaa ufa wa kesho. Mwishowe hujaribiwa tena kwa maji ya sabuni, na kazi huandikwa daftarini.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Huko Marekani, mtu aliyejiundia ndege anaweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe kila mwaka. Yeye ndiye mkaguzi, na yeye ndiye atakayepanda. Hawezi kusema "itafika mwisho wa msimu", maana mapafu yatakayovuta moshi ni yake. Kwetu mambo ni kinyume. Anayesema "washa tu, kazi imelala" huketi ofisini penye dirisha, na anayewasha hubaki na moshi. Ndiyo sababu ufa unaomtisha mwenye ndege kwetu hukaa miezi.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2018, unasema kuwa mfanyakazi anayejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuwa pana hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake, lazima alindwe asidhurike kwa kufanya hivyo. Basi, ndugu, tusifanye kazi hii kwa manung'uniko. Kila tawi lichague mtu wa kukagua ekzosi za injini zote mara moja kwa mwezi. Ufa uandikwe daftarini kwa tarehe, na nakala apewe msimamizi mbele ya shahidi. Injini isiwashwe ndani ya chumba kisicho na njia ya hewa. Na mwenzetu akianguka chumbani, tuzime injini, tufungue milango, tumtoe nje penye hewa safi na tumkimbize hospitali. Asiachwe alale "apumzike".

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ufa wa ekzosi hautupi hata nafasi ya kujenga ukuta. Tuuzibe mapema, na tuuzibe kwa pamoja.