Pikipiki ya Kwanza ya Porini: Soma Kabla Hujatoa Bumu Lako

Kila msimu wa fildi ukikaribia, watu wanaojua kwamba mimi ni wa Mpanda hunijia na swali lilelile. Mmoja amepangiwa Nsimbo, mwingine ana ndugu aliyepata ajira ya ualimu huko Mpimbwe, wa tatu kamaliza mwaka jana na mradi aliopata unataka aje na usafiri wake. Wote wanauliza: nichukue pikipiki gani? Na kabla sijajibu wameshanionyesha picha kwenye simu: pikipiki ndefu, madigadi ya mbele iko juu, matairi yana meno kama mamba. Ile ya porini hasa.

Nimekulia kwenye gereji ya mjomba pale Mpanda mjini, likizo zangu nyingi zimeishia kwenye oili na vumbi, kwa hiyo maoni ninayo. Nayatoa kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuendesha kabisa, au ameendesha ya jirani mara mbili tatu uwanjani. Waliokwisha kuzoea wana ubishi wao, siuingilii.

Tuanze na njia, maana pikipiki hununuliwa kwa ajili ya njia, si kwa ajili ya picha. Katavi si njia moja. Ukitoka Mpanda kwenda Inyonga uko kwenye lami ya Tabora, hapo chombo chochote kinakufikisha. Ukishuka bonde la Rukwa, Usevya na Majimoto, uko kwenye nchi ya mpunga, na mpunga unapenda udongo mweusi unaonata. Kiangazi udongo huo unapasuka nyufa, masika unageuka gundi. Mwese ni milima, mawe na makorongo. Kuelekea Karema na Ikola kwenye Ziwa Tanganyika kuna miteremko na vumbi ambalo likikauka linakuwa kama unga, gurudumu linaogelea. Na mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili hivi. Maana yake ni kwamba njia uliyoiona Agosti wakati wa fildi si njia utakayoikuta Februari ukiwa mwajiriwa. Nimeona watu wazima wakinunua pikipiki ya Agosti.

Halafu kuna hifadhi. Barabara ya kutoka Sitalike kwenda upande wa Kibaoni inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na humo tembo na nyati hawajui alama za barabarani. Lakini anayemwangusha mgeni mara nyingi si tembo, ni mbung'o. Mdudu huyu hufuata kitu kinachotembea, na anapenda rangi ya bluu na nyeusi. Akikuuma shingoni ukiwa mwendo wa hamsini, mkono unaondoka wenyewe kwenye usukani. Vaa kaki, funga kola, na ujizuie.

Sasa pikipiki zenyewe. Kuna za mashindano, mfano Yamaha YZ250F, zile mnazoziona kwenye video zikiruka vilima. Hazina taa, hazina spidomita, siti yake iko karibu mita moja kutoka ardhini, na injini yake huhudumiwa kwa kuhesabu saa ilizofanya kazi. Tuziache huko huko.

Zinazotuhusu ni za porini za kazi: Honda XL 125, Yamaha DT 125, Yamaha AG 100 na AG 200, na nyingine kama Yamaha XTZ 125 na Honda XR150L. Hizi ndizo mmezizoea kuwaona nazo mabwana shamba, watu wa chanjo na watu wa misitu. Serikali inajua kazi ya kijijini haiendi kwa miguu. Aprili 2022 pale Dodoma Rais Samia alizindua ugawaji wa pikipiki karibu 7,000 kwa maafisa ugani wa kilimo. Katika kundi hili mimi naipenda AG kuliko zote, ingawa kwa sura haivutii hata kidogo. Iliundwa kwa ajili ya watu wa mashamba: cheni imefunikwa yote isiliwe na mchanga, ina stendi kulia na kushoto ili uiegeshe popote ardhi inapokuruhusu, na keria mbele na nyuma. Aliyeichora alikuwa amewahi kukwama matopeni, nina hakika.

Kundi la mwisho ni la bodaboda: Boxer, TVS HLX na Wachina wa kila jina, ambazo wengine bado wanaziita toyo zote. Wasomi tunazidharau kwa sababu tunazipanda kila siku.

Kwa nini ya porini inashinda njia mbovu? Kwanza gurudumu. La mbele kwenye DT na XTZ ni inchi 21, wakati Boxer 150 ni inchi 17. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo dogo linatumbukia. Pili shokapu ndefu, jiwe linapita chini ya injini bila kukugonga. Tatu, na hili watu hawalioni mpaka wakwame, ni madigadi. Ya bodaboda iko karibu na tairi. Udongo wa Majimoto ukijaa kati yake na tairi, gurudumu linagoma kuzunguka, unabaki unachokonoa kwa kijiti. Ya porini iko juu, tope linadondoka lenyewe.

Mpaka hapo ungesema basi, jibu limepatikana. Ngoja kwanza.

Dada yangu ni muuguzi kwenye zahanati moja ya Wilaya ya Tanganyika. Alipoajiriwa alikuwa na miaka 28, hajawahi kushika klachi, na kila mwezi alitakiwa kutoka na boksi la chanjo kwenda vitongoji ambavyo gari haliendi. Wenzake kazini walimwambia anunue DT, "ndiyo ya porini, dada, hizo nyingine utalala njiani." Akaja nayo gereji kuijaribu. Mjomba hakumwambia aiendeshe. Aliisukuma mpaka kwenye mteremko mdogo nyuma ya gereji, akamwambia: "Mama, panda. Usiwashe. Simama tu."

Dada si mrefu. Kwenye tambarare vidole vyake vilikuwa vinagusa ardhi. Pale kwenye mteremko, mguu wa upande wa bondeni haukukuta kitu. Pikipiki ikaanza kulala, mjomba akaidaka.

Akampandisha kwenye TVS 125, palepale. Nyayo zote mbili zikakanyaga.

"Mjomba, lakini hii si ya bodaboda?"

"Eeh. Na bodaboda anakwenda nayo wapi?"

Dada akafikiri. "Mwese."

"Haya."

Anayeanza haanguki kwenye mwendo kasi kama mnavyodhani. Mara nyingi anaanguka akiwa amesimama, au anakaribia kusimama: anageuza kwenye njia nyembamba, anampisha ng'ombe, injini imezima katikati ya kilima na anarudi kinyumenyume. Hapo kinachomwokoa ni mguu unaofika chini, si ukubwa wa injini. Siti ya XTZ 125 iko sentimita 84 kutoka ardhini, ya XR150L sentimita 82 na nusu. Za bodaboda nyingi ziko chini kidogo ya hapo, na siti yake inabonyea zaidi. Hicho kidogo, kwa mtu mwenye kimo cha dada yangu, ndicho tofauti ya kufika na kutofika. Kama wewe ni mrefu, hongera, ruka aya hii.

Kwa uzito hazipishani sana. XTZ ni kama kilo 118, XR150L ni 129, na za bodaboda nyingi zinazungukia humohumo. Kwa hiyo jaribio la pili ni lilelile kwa zote: ilaze chini uinyanyue peke yako, kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, mwambie unatandika gunia. Namna yake: zima injini, ingiza gia isibiringike, ipe mgongo, kalia siti kwa makalio, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume hatua ndogo ndogo. Ni kazi ya mapaja, si ya mikono, na wasichana wanaifanya vizuri kuliko wavulana wenye haraka. Usipoweza hapo gerejini ukiwa umekula na kupumzika, hutaweza saa kumi na mbili jioni kwenye korongo, na simu haina mtandao.

Jaribio la tatu hulifanyi wewe. Nenda kwa fundi wa kijiji cha mwisho kabla ya kituo chako, si wa mjini, umuulize ana waya wa klachi wa pikipiki ipi, tubu za saizi gani. Atakujibu Boxer na TVS kabla hujamaliza kuuliza. Ukimtajia XR150L atakwambia agizo litoke Mpanda, labda Dar. Pikipiki bora inayosubiri spea wiki tatu ni kigoda.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeanza, asiye mrefu, anayelipa kwa fedha yake: nunua ya bodaboda ya cc 125, ivue matairi ya lami na uweke yenye meno, mwambie fundi aipandishe madigadi ya mbele au aivue kabisa masika, na uendeshe misimu miwili. Ukiwa mrefu, au mwajiri ndiye anayelipia matengenezo, chukua ya porini tangu siku ya kwanza, na ikiwezekana AG au XL. Dada alikaa na TVS yake masika mawili. Sasa ana XL, siti imepunguzwa sponji, na ni yeye anayewafundisha wageni wa zahanati kuvuka korongo.

Ukichukua DT au AG 100, jua injini hizo zinachoma oili pamoja na petroli, na oili ina tanki lake pembeni. Likikauka, pistoni inanata na safari imeishia hapo. Injini ya XL haina habari hizo. Kwa mtu wa kwanza mimi ningekwepa.

Bajeti usiimalize kwenye chombo. Tenga kama sehemu moja ya tano kwa kofia ngumu, buti zinazofunika kifundo, glovu, tubu ya akiba na pampu. Kofia si mapambo ya trafiki: uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulikuta inapunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ile ya kuazimwa, yenye mkanda uliokatika, haimo kwenye hesabu hiyo.

Kujifunza, anza Julai hadi Oktoba ardhi ikiwa kavu. Uwanja wa shule jioni unatosha. Wiki ya kwanza fanya mambo mawili tu, kuondoka na kusimama, mpaka klachi iwe inajiendesha yenyewe mkononi. Leseni nayo ina madaraja: A1 ni ya pikipiki isiyozidi cc 125, ikizidi hapo unahitaji A. Wengi wananunua Boxer 150 wakiwa na A1 mfukoni na wanashangaa kwenye kizuizi.

Mwisho ni karatasi, na hapa muwe wakali, maana za porini nyingi zinazouzwa mkononi zilitoka kwenye miradi. Chombo cha mradi wa wafadhili kinakuwa na namba ya DFP, na mara nyingi kiliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Kikiuzwa kwa mtu binafsi, kodi inadaiwa na usajili unabadilishwa TRA kuwa namba ya MC ya kawaida. Ukiambiwa "kadi ipo kwa bosi, tutamalizana baadaye," rudisha fedha yako mfukoni. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni mwa fremu na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na kama imekwanguliwa usiulize kwa nini. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uhamisho wa umiliki ufanyike kabla pikipiki haijatoka Mpanda, kwa sababu ukishafika Mishamo hakuna atakayerudi kukusainia.