Mlinzi wa Mtoto Tumboni Naye Huhitaji Hewa

Wengi wetu hulikumbuka kondo la nyuma siku linapozikwa. Ilhali kwa miezi yote iliyotangulia, ndilo lililomlisha mtoto, likampa hewa, likaondoa taka zake na kutengeneza homoni za kuidumisha mimba.

Ipo kazi yake nyingine isiyojulikana sana, nayo ni ulinzi. Katika damu ya mama mna homoni iitwayo kortisoli, ambayo huongezeka mtu apatwapo na dhiki, na wakati wa ujauzito huwa nyingi zaidi. Mtoto huihitaji, hususan siku za mwisho mapafu yanapokomaa. Lakini ikimfikia kwa wingi kabla ya wakati wake, hudumaza ukuaji wake. Kwa hiyo ndani ya kondo mna kimeng'enya kinachogeuza sehemu kubwa ya kortisoli kuwa kortisoni, isiyo na nguvu hiyo, kabla haijamfikia mtoto.

Kimeng'enya hicho hutegemea oksijeni. Watafiti walipozikuza seli za kondo maabara na kuzipunguzia oksijeni, utendaji wake ulishuka. Aidha, kwa akina mama wenye shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba, ambao mara nyingi damu haifiki vyema kwenye kondo, kimeonekana kuwa dhaifu. Basi mtoto hupata hasara mbili: hewa humpungukia, na kinga yake hulegea.

Tunaposikia mtoto kazaliwa mdogo, tusiharakishe kumlaumu mama kwamba hakula au alikuwa na mawazo mengi. Ulinzi huu ni jukumu la nyumba nzima. Sigara isivutwe ndani. Jiko la mkaa liwekwe penye hewa, kwani hutoa kaboni monoksaidi, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Mama ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa, na alale ndani ya chandarua, maana malaria hupunguza damu na vijidudu vyake hujificha kwenye kondo.

Mahudhurio ya kliniki yasikatizwe, na kila mara shinikizo la damu lipimwe. Mama akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu, au uso na mikono vikivimba ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile. Baba na aweke nauli mapema, wala asingoje kupambazuke.